Shaba ya Chini ya Bahari: Tajiri kwa Jiwe, Haba kwa Tani

Mwaka 2011 madini ya asili moja yalivuta mitaji miwili. Nchini Eritrea, mgodi wa Bisha ulianza kutoa dhahabu, kisha shaba na zinki. Mwaka huohuo Papua New Guinea iliipa Nautilus Minerals leseni ya kuchimba Solwara 1, mita 1,600 hivi chini ya Bahari ya Bismarck. Bisha ilifika sokoni. Nautilus ilifilisika mwaka 2019 bila kuchimba mzigo wa kuuza, na serikali iliyonunua asilimia 15 ya mradi ikapoteza fedha za umma. Wengi hulaumu mitambo na uhaba wa mtaji. Kwangu, chanzo kimo katika namna madini haya yanavyozaliwa.

Maji ya bahari hupenya nyufa za sakafu yake hadi jirani na mwamba ulioyeyuka. Huko hupata joto la nyuzi 350 au zaidi, hugeuka tindikali na kunyonya shaba, zinki na dhahabu kutoka kwenye miamba. Yakifoka na kukutana na maji baridi ya nyuzi 2, metali hushikana na salfa na kuganda papo hapo, zikijenga dohani za moshi mweusi kama zile zilizoonekana mashariki mwa Pasifiki mwaka 1979. Ila sehemu kubwa ya metali huchukuliwa na moshi huo na kutawanyika. Kinachosalia huhitaji maelfu ya miaka kuwa kilima, kisha kifunikwe na lava au tope kabla maji hayajakiozesha. Bahati hiyo ni adimu. Nchi kavu, yenye miamba iliyokuwa sakafu ya bahari, imeikusanya kwa muda mrefu mno: miamba ya mgodi wa Kidd Creek nchini Kanada ina miaka bilioni 2.7, na miamba ya Bisha inazidi miaka milioni 700.

Watetezi wa uchimbaji wa baharini husema Solwara 1 ina shaba asilimia 7, ilhali migodi mingi ya nchi kavu haifikishi asilimia 1. Ni kweli, lakini akiba yake yote haikuzidi tani milioni 3 za mawe. Makadirio ya wanajiolojia ya mwaka 2011 yaliipa mikanda ya volkano ya bahari zote takriban tani milioni 30 za shaba na zinki kwa pamoja. Migodi ya sasa hutoa zaidi ya tani milioni 20 za shaba pekee kila mwaka. Husemwa pia kwamba bahari haihamishi kijiji. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kuwa Bisha yenyewe iliandamwa na madai ya kazi ya kulazimishwa yaliyofika Mahakama ya Juu ya Kanada. Hata hivyo, wakazi wa pwani ya Bismarck waliupinga mradi kwa sababu ya samaki wao, na dhuluma mgodini hukomeshwa kwa sheria za kazi. Uhaba wa tani hauna sheria ya kuutibu. Fedha za utafiti zina kazi kubwa zaidi kwenye miamba ya kale ya Eritrea, Sudan na Saudia, ambayo zamani ilikuwa sakafu ya bahari.