Minyoo inavyonyonya uhai wa mbuzi msimu wa masika

MVUA za masika zinapoanza mwezi Machi, majani huchipua kwa wingi chini ya minazi ya Ushongo, kijiji cha pwani kilichoko kusini mwa mto Pangani, mkoani Tanga. Ni majira ya neema kwa mifugo. Hata hivyo, ni katika majira hayo hayo ambapo mbuzi huweza kukonda huku akila, manyoya yakamsimama, na asubuhi moja akakutwa amekufa.

Mara nyingi chanzo ni mnyoo mwembamba wa sentimita mbili hadi tatu, ambaye kitaalamu huitwa Haemonchus contortus. Mnyoo huyo hukaa katika tumbo la nne la mbuzi na chakula chake ni damu. Mmoja humpotezea mbuzi takriban mililita 0.05 kwa siku, yaani tone moja tu. Lakini minyoo 1,000 ni mililita 50 kila siku, ilhali mbuzi wa kilo 20 ana damu ipatayo lita moja na nusu.

Kinachowapotosha wengi ni kwamba mnyoo huyo, tofauti na minyoo mingine ya utumbo, aghalabu haleti kuharisha. Dalili zake ni unyonge, weupe wa ufizi na wa ndani ya kope, na uvimbe laini chini ya taya, unaotokana na kupungua kwa protini katika damu. Wana-mbuzi na majike yaliyozaa karibuni ndio huathirika zaidi. Kwa familia inayomtunza beberu kwa ajili ya akika au ada ya shule, hasara hiyo si ndogo.

Mnyoo jike hutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku, nayo hutoka na kinyesi. Penye joto na unyevu, kwa muda wa wiki moja hivi huwa lava wanaopanda majani mafupi kwa kufuata umande. Kwa asili mbuzi hula vichaka, kichwa kikiwa juu; kamba ya mwanadamu ndiyo inayomlazimisha kurudia nyasi zile zile alizozichafua. Kumhamisha mara kwa mara na kumkatia matawi hupunguza maambukizi.

Dawa zipo, zikiwamo albendazole, levamisole na ivermectin. Tatizo ni usugu, ambao umekwisha kubainika kwa mbuzi nchini Tanzania na Kenya. Huchochewa na kipimo cha kukisia, na pia mazoea ya kuwanywesha mbuzi wote dawa ile ile kila mara. Kutokana na hali hiyo, wataalamu wa Afrika Kusini walibuni katika miaka ya 1990 kadi yenye rangi tano za kulinganisha na utando wa ndani wa kope, ili anyweshwe dawa yule tu anayeihitaji.

Asiye na kadi hiyo bado anaweza kufunua kope la mbuzi penye mwanga wa jua. Wekundu ni heri. Akiona weupe kama karatasi, amwite ofisa mifugo siku hiyo hiyo.