Furaha ya Kila Siku na Masomo ya Udaktari

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, wapo vijana ambao majirani huanza kuwaita "daktari" hata kabla hawajaliona lango la chuo. Jina hilo ni la heshima, lakini ni mzigo pia, kwani ukoo mzima huanza kuhesabu miaka. Kijana huaswa avumilie, asome usiku na mchana, aache michezo na marafiki, maana baada ya dhiki faraja. Naye huondoka nyumbani akiamini kwamba miaka iliyo mbele yake ni ya dhiki tupu, na kwamba furaha inamngojea mwisho wa njia, siku ya kuvaa joho.

Methali hiyo ina ukweli wake, na subira ni sifa njema. Hata hivyo, elimu ya mwili na akili inaonyesha kwamba mtu anayeiahirisha furaha yote hadi mwisho hujipunguzia uwezo wa kuufikia mwisho huo akiwa mzima. Furaha ndogo ndogo za kila siku si anasa inayoibwa katika saa za masomo. Ni miongoni mwa mambo yanayouwezesha mwili kustahimili, ubongo kukumbuka, na moyo kumhurumia mgonjwa.

SAFARI YENYEWE

Nchini Tanzania shule ya udaktari ilianzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1968 ikawa Kitivo cha Tiba, na tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Leo vipo vyuo vingine vinavyofundisha udaktari, lakini safari inafanana. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitano. Mwanzoni mwanafunzi hujifunza umbo la mwili katika anatomia, utendaji wake katika fisiolojia, na kemia ya uhai katika bayokemia. Baadaye huingia wodini na kupita idara moja baada ya nyingine: magonjwa ya ndani, upasuaji, uzazi, watoto, na magonjwa ya akili. Akishahitimu hufanya utarajali, yaani mwaka mmoja wa kazi hospitalini chini ya uangalizi wa madaktari wenye uzoefu.

Ugumu wa safari hii hautokani na wingi wa vitabu pekee. Kijana wa miaka ishirini na ushei hukutana na maiti ya kwanza mezani, na baadaye na kifo cha kwanza cha mgonjwa aliyemfahamu kwa jina. Isitoshe, kila ugonjwa anaousoma huuhisi mwilini mwake. Akisoma moyo, moyo humdunda. Akisoma uvimbe wa ubongo, kichwa humuuma. Jambo hili limeenea kiasi kwamba walimu wa tiba hulitania kwa kuliita ugonjwa wa wanafunzi wa udaktari.

Lakini lipo lisilo la mzaha. Mwaka 2016 wachunguzi walikusanya pamoja matokeo ya uchunguzi mbalimbali uliofanywa kwa wanafunzi wa udaktari katika nchi zaidi ya 40. Walikuta kwamba wanafunzi takriban 27 katika kila 100 walikuwa na sonona au dalili zake. Kati ya wanafunzi waliobainika kuwa na dalili hizo, walioomba matibabu walikuwa takriban 16 tu katika kila 100. Watu wanaojifunza kuwatibu wengine walikuwa wakiugua kimya kimya.

MWILI UNAPOBANWA

Ili kuelewa jambo hili, na tuanze na mkulima anayekutana na nyoka njiani. Papo hapo moyo wake huenda mbio, pumzi huongezeka, na damu hukimbilia kwenye misuli. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mwaka 1915 kwamba hayo ni matayarisho ya mwili kwa ajili ya kupigana au kukimbia. Tezi za adrenali, ambazo zimekaa juu ya mafigo, humwaga katika damu homoni ya adrenalini. Nyoka akishaondoka, mwili hutulia, na mkulima huendelea na safari yake.

Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi nchini Kanada, alionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Alipowabana panya wa maabara kwa taabu za namna mbalimbali bila kuwapa nafuu, miili yao ilidhoofika kwa namna moja, taabu yoyote iwayo. Msongo wa muda mfupi husaidia. Ule usiokatika hudhuru.

Kwa mwanafunzi, mtihani ni nyoka asiyeondoka njiani. Tezi zilezile za adrenali hutoa pia homoni iitwayo kotisoli, ambayo kwa kiasi cha kawaida huupatia mwili nguvu za kukabili siku. Inapobaki juu kwa majuma na miezi, huingilia usingizi, hupunguza kinga, na hugusa sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo ndiyo inayoshughulika na kuweka kumbukumbu mpya. Hivyo basi, kijana anayejinyima kila pumziko ili akumbuke zaidi anaweza kuwa anakidhoofisha kile kile anachokitegemea kukumbuka.

Wachunguzi wa jimbo la Ohio, Marekani, waliliona jambo hili kwa macho. Mwaka 1998 walitoa taarifa ya wanafunzi 11 wa udaktari wa meno waliokubali kutiwa jeraha dogo, lenye upana wa milimita 3.5, katika kaakaa gumu. Jeraha la kwanza lilitiwa wakati wa likizo, na la pili siku tatu kabla ya mtihani. Jeraha la wakati wa mtihani lilichelewa kupona kwa wastani wa siku tatu zaidi, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepona upesi kama alivyopona likizoni. Chakula hakikuwa kimekatazwa wala dawa haikuwa imetolewa. Kilichobadilika ni hali ya maisha.

KWA NINI FURAHA HAINGOJI MWISHONI

Huenda mtu akasema: na iwe hivyo, taabu ni ya miaka mitano tu, kisha furaha itakuja yote kwa pamoja. Fikra hii nayo imechunguzwa. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walitoa taarifa kuhusu watu 22 wa jimbo la Illinois, Marekani, waliokuwa wameshinda fedha nyingi katika bahati nasibu. Walipolinganishwa na watu wengine wa kawaida, washindi hao hawakuonekana kuwa na furaha kubwa zaidi. Tena, walikuwa wakipata raha kidogo zaidi katika mambo madogo ya kila siku, kama vile kuzungumza na rafiki. Ubongo wa binadamu huzoea. Kilichotamaniwa jana huwa cha kawaida leo.

Mwanafunzi wa udaktari hulijua hili bila kusoma taarifa yoyote. Mwaka wa kwanza husema atafurahi akishamaliza anatomia. Akishaimaliza, husema atafurahi akifika wodini. Wodini husubiri shahada, katika utarajali husubiri ajira, na kazini husubiri ubingwa. Faraja husogea mbele kama upeo wa bahari mbele ya jahazi. Mtu aliyejizoeza kuahirisha kwa miaka mingi hafiki akawa mtu mwingine. Hufika na mazoea yake.

William Osler, mmoja wa walimu wakubwa wa tiba, aliliona hilo zamani. Mwaka 1913 alizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, akawashauri waiishi kila siku kwa ukamilifu wake, wasibebe leo mzigo wa jana pamoja na wa kesho. Hakuwa akiwafundisha uvivu, maana yeye mwenyewe alikuwa mchapa kazi mashuhuri. Alikuwa akieleza namna ya kufanya kazi nyingi bila kuvunjika.

FURAHA INAPOPATIKANA

Je, katika siku iliyojaa vitabu na wagonjwa, furaha hupatikana wapi? Aghalabu haihitaji muda wa ziada. Imo ndani ya kazi yenyewe.

Ya kwanza ni furaha ya kuelewa. Mwanafunzi anaweza kusoma kwa miezi kwamba moyo una vyumba vinne na vali nne. Siku moja huweka kifaa cha kusikilizia kifuani mwa mtu, akasikia mlio wa kwanza na wa pili. Hapo hutambua kwamba asikiacho ni vali zinazofunga: kwanza zile zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini, kisha zile zilizo kwenye milango ya mishipa mikubwa. Ukurasa wa kitabu umegeuka kuwa mtu aliye hai. Kadhalika katika wodi ya wazazi, anapolitega sikio kwenye kifaa kidogo cha mfano wa baragumu kilichowekwa juu ya tumbo la mama, akausikia moyo wa mtoto ukienda mapigo 110 hadi 160 kwa dakika, upesi kuliko saa ya mkononi. Anayewaza alama peke yake huhesabu mapigo na kuondoka. Anayejiruhusu kustaajabu kwa nusu dakika hupata alama hizohizo pamoja na kitu cha kukumbuka maisha yake yote.

Ya pili ni furaha ya watu. Wachunguzi wa Ohio walipochunguza damu ya wanafunzi 75 wa mwaka wa kwanza wa udaktari, katika kazi waliyoitangaza mwaka 1984, walikuta kwamba wakati wa mtihani nguvu ya baadhi ya chembe za kinga ilikuwa imepungua. Tena, nguvu hiyo ilikuwa ndogo zaidi kwa waliojiona wapweke. Kikundi cha wanafunzi wanaoulizana maswali, wakacheka makosa yao na kugawana chai na maandazi, si kupoteza wakati. Pia wodini, mwanafunzi anayeanza kwa kumwamkia mgonjwa mzee "Shikamoo, bibi," akangoja "Marahaba, mwanangu," kabla ya kugusa faili, hupata maelezo bora ya ugonjwa. Naye bibi huacha kuwa kitanda namba fulani.

Ya tatu ni furaha ya mwili: mchezo wa mpira jioni, matembezi katika upepo wa bahari, na usingizi. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, John Jenkins na Karl Dallenbach waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri. Walipolala baada ya kukariri walikumbuka nyingi zaidi kuliko walipokaa macho kwa saa hizohizo. Uchunguzi mwingi uliofuata umethibitisha kwamba usingizi huimarisha kumbukumbu. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani huzitupa saa ambazo ubongo ungezitumia kupanga alichosoma.

MIPAKA YAKE

Haifai kudhani kwamba furaha ni kujilazimisha kutabasamu. Mwanafunzi aliyefiwa na mgonjwa ana haki ya kuhuzunika, na huzuni hiyo ni dalili kwamba utu wake bado u hai. Lakini huzuni inapodumu siku nyingi kwa muda wa majuma mawili au zaidi, usingizi na hamu ya chakula vikatoweka, na mambo yaliyopendeza yakakosa ladha, huo si uvivu wala udhaifu wa imani. Ni ugonjwa, una tiba, na unastahili kupelekwa kwa mtaalamu kama malaria inavyopelekwa.

Vilevile mzigo wote hauwezi kutwikwa mwanafunzi. Mwaka 2003 Marekani iliweka kikomo cha saa 80 za kazi kwa juma kwa madaktari walio mafunzoni, baada ya kukubalika kwamba daktari aliyechoka mno ni hatari kwake na kwa mgonjwa. Chuo kinachopanga ratiba kwa busara, na mwalimu anayesahihisha kosa bila kumdhalilisha mwanafunzi mbele ya wagonjwa, ni sehemu ya tiba hiyo.

JARIBIO LA DARASANI

Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walieleza jinsi walivyowaomba wanafunzi waandike kila juma, kwa majuma kumi, mambo yasiyozidi matano waliyoyashukuru. Wengine waliandika kero zao. Walioandika shukrani waliyatazama maisha yao kwa matumaini zaidi, walilalamikia maumivu machache zaidi, na walifanya mazoezi ya mwili kwa muda mrefu zaidi.

Shule yoyote inaweza kulijaribu jambo hili kwa daftari na kalamu. Darasa ligawanywe kwa kura katika makundi mawili. Kila jioni kwa majuma manne, kundi la kwanza liandike mambo matatu mema ya siku hiyo, na la pili liandike mambo matatu yoyote yaliyotokea. Mwanzoni na mwishoni kila mmoja ajipe alama, kuanzia 1 hadi 10, kuonyesha anavyoridhika na siku zake. Kisha wastani wa makundi ulinganishwe. Mwalimu asisome madaftari, bali alama tu. Wanafunzi wajadili pia kama idadi yao inatosha kuthibitisha lolote, maana kuuliza hivyo ndiko kufikiri kisayansi.

Kijana atakayeingia chuoni akiwa na mazoea hayo hatapunguziwa kurasa za anatomia hata moja. Atazisoma zote. Lakini siku atakapovaa koti jeupe na kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa, atakuwa bado na uwezo wa kufurahi na kuhuzunika pamoja na mtu mwingine, na huo ndio uwezo ambao mgonjwa huutazamia kwanza, kabla hata ya dawa.