Linux Bure, Bando Je?

Kaa baraza ya Jaws Corner, Zanzibar, jioni, lalamika mashine yako nzito. Hakosi sela wa kishua wa kukwambia: "Yakhe, Windows ya nini? Hamia Linux, kitu bure!" Mchizi ana laptop mbili geto na Wi-Fi analipa dingi. Kwake lazima iwe rahisi.

Sisi wengine tunashika mtumba wa Dubai. Unaununua, unaupeleka kwa fundi Darajani, anakupigia Windows ya kukraki, Office, na muvi za bonasi. Ikizingua, unarudi kwa fundi yuleyule. Sasa Microsoft ilikata sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka moduli ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo mtumba wa zamani hauna. Linux Mint inatembea hata kwenye RAM ya GB 2. Ukisikia hivyo, mchongo umeiva.

Subiri. Faili lenyewe la Mint linakaribia GB 3. Kwa dogo anayejiunga bando la siku, hapo tu keshalia. Haya, umeshusha, umelipika kwenye flashi, umebonyeza F12, Mint imeingia, kioo fresh kinoma. Wi-Fi haionekani. Kadi ni Broadcom ya aina ambayo draiva yake inashushwa mtandaoni. Yaani upate intaneti ili upate intaneti! Dawa ipo: chomeka simu kwa waya wa USB, washa hotspoti ya waya, draiva ishuke. Ila nani akwambie? Fundi ataitazama skrini, halafu: "Nikupigie Windows?"

Na mashine ndiyo hiyohiyo moja. Ndani kuna ripoti ya fildi ya dogo wa chuo cha SUZA, kuna bukingi za dada anayepangisha vyumba Paje. Ikilala siku mbili, mkwanja umeyeyuka. Majaribio ni starehe ya mwenye mashine ya akiba.

Hata Ubuntu, Linux nyingine ya bure, haikuzaliwa na njaa. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliuza kampuni yake, Thawte, 1999, akajilipia safari ya anga za juu 2002, ndipo 2004 akaileta Ubuntu. Heshima yake lakini: hadi 2011 kampuni yake ya Ubuntu ilikuwa inatuma CD kwa posta, bure, hadi kwa asiye na bando.

Tusidanganyane eti masela wanaiogopa Linux. Android nzima imekaa juu ya kiini cha Linux, na daladala ya Bububu imejaa Android. Hakuna aliyetetemeka, kwa sababu simu ilitoka dukani imeshapigwa kila kitu.

Kwa hiyo mafundi wa Darajani na Mlandege, wekeni flashi ya Mint pembeni ya ile ya Windows. Mteja akileta mtumba uliokataliwa na Windows 11, mpigieni, mmalizieni draiva na LibreOffice badala ya Office kabla hajatoka, na mtozeni bei ileile.