Kompyuta ya Bei Nafuu Ngagara: Hesabu Huanzia Kwenye Umeme

Biashara ya kompyuta za mezani mjini Bujumbura imesimama juu ya bidhaa ambazo zote hutoka nje ya nchi, na kwa sababu hiyo bei anayotajiwa mnunuzi wa Ngagara hubeba gharama tatu kwa pamoja: gharama ya fedha za kigeni, gharama ya safari ndefu kutoka bandarini, na gharama ya kuharibikiwa na kifaa mahali ambapo kipuri chake ni adimu. Miongozo mingi ya kuunda kompyuta huandikwa kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya na Marekani, nayo huanza na prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za mashine, ikafuata kadi ya picha, kisha pawasaplai, yaani kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kasha, ikawekwa mwishoni kabisa ili inunuliwe kwa fedha zilizosalia. Kwa kaya ya Ngagara yenye bajeti finyu mpangilio huo hauna budi kupinduliwa, kwa kuwa uhai wa kompyuta baada ya miaka mitatu utategemea zaidi umeme unaoingia ndani yake na wepesi wa kupata kipuri kuliko kasi ya chipu.

Soko na njia ya bidhaa

Ngagara ni mtaa wa kaskazini mwa jiji uliojengwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Ubelgiji na Ofisi ya Miji ya Waafrika, OCAF, na sehemu zake hadi leo hutambulishwa kwa namba. Umuhimu wake kibiashara uliongezeka baada ya Soko Kuu la Bujumbura kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, tukio lililowatawanya wachuuzi katika masoko mengine ya jiji, likiwemo Bujumbura City Market ambalo wakazi hulijua zaidi kwa jina la kwa Siyoni. Mtawanyiko huo humgusa moja kwa moja mnunuzi wa vipuri, kwa sababu hulazimika kutembea kutoka soko hadi soko, na kutoka huko hadi maduka ya katikati ya jiji, ili alinganishe bei na masharti ya dhamana ambayo mara nyingi hutolewa kwa mdomo tu.

Kabla ya kufika kwenye meza ya mchuuzi, shehena inayoshushwa Dar es Salaam husafiri takriban kilomita 1,600 kwa barabara hadi Bujumbura kupitia mpaka wa Kobero, au hupitia Kigoma na kukata Ziwa Tanganyika hadi bandari ya Bujumbura, na uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi katika miaka ya karibuni umeipandisha gharama ya usafiri huo. Chini ya ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, kompyuta hutozwa ushuru wa asilimia 0. Kwa hiyo sababu kubwa ya ughali haipo forodhani, bali ipo kwenye thamani ya faranga. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani rasmi ya sarafu hiyo kutoka takriban faranga 2,000 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja, ilhali bei ya dola katika soko sambamba, yaani lile lisilo rasmi, iliendelea kuwa juu zaidi. Mwagizaji aliye katika hali hiyo hupanga bei ya mzigo uliopo dukani kwa kukadiria dola atakazohitaji kuagizia mzigo unaofuata, na ndiyo maana kipuri kilekile chaweza kupanda bei ndani ya mwezi mmoja bila kutoka rafuni.

Mashine ya ofisi iliyotumika au vipuri vipya

Mnunuzi wa kipato cha kati ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua mashine iliyokwisha tumika ofisini ng'ambo, kama vile Dell OptiPlex, HP ProDesk au Lenovo ThinkCentre, kisha kuiongezea kumbukumbu na diski. Ya pili ni kukusanya vipuri vipya kimoja kimoja. Njia ya kwanza kwa kawaida ndiyo yenye gharama ndogo zaidi, lakini tarehe 14 Oktoba 2025 iliigawa biashara ya mitumba katika makundi mawili, kwani siku hiyo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10, wakati Windows 11 inayoichukua nafasi yake haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Mashine ambazo ofisi za nchi tajiri huziacha kwa sababu hiyo hutafuta wanunuzi katika masoko kama ya Bujumbura, zikiwa safi kwa sura na nafuu kwa bei, ingawa muda wake wa kutumika kwa usalama, kwa mtu anayetaka kubaki na Windows, umekwisha au unakaribia kwisha.

Kizazi cha prosesa hujulikana kwa kusoma namba yake. Katika i5-7500 tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 7, hivyo ni kizazi cha saba chenye viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi sambamba. Katika i5-8500, iliyotoka mwaka 2018, tarakimu hiyo ni 8, viini vimefika sita, na Windows 11 inakubalika. Kuanzia kizazi cha kumi husomwa tarakimu mbili za mwanzo. Mnunuzi asiyetegemea Windows, kwa mfano mwanafunzi anayehitaji kuandika, kutumia intaneti na kujifunza uandishi wa programu, anaweza kuchukua mashine ya kizazi cha sita au cha saba kwa bei ya chini zaidi na kuiwekea mfumo huria wa Linux, ambao hautozwi leseni.

Kasoro ya mashine za ofisi ni kwamba nyingi zina pawasaplai ya umbo na plagi za kampuni husika pekee, na hivyo ikiungua haiwezi kubadilishwa na ile ya kawaida inayouzwa sokoni bila kiunganishi maalumu. Kasha jembamba la mashine hizo pia halipokei kadi ya picha ya urefu wa kawaida. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu hupendelea kasha refu kuliko jembamba, na huchagua modeli inayoonekana kwa wingi sokoni, kwa kuwa mashine ya aina hiyo ikifa, viungo vyake huwa akiba ya vipuri kwa wenzake.

Anayekwenda kwa njia ya vipuri vipya anapaswa kuanza na ubao mama, ambao mafundi waliosoma kwa Kifaransa huuita carte mère, kwa sababu tundu lake la prosesa ndilo linaloamua vingine vyote. Tundu la AM4 la kampuni ya AMD hutumia kumbukumbu ya DDR4 na bado lina prosesa za bei ya kadiri, kama Ryzen 5 5600G yenye viini sita na uwezo wa kuonyesha picha bila kadi ya ziada. AM5, lililotoka mwaka 2022, hukubali DDR5 pekee, ambayo ni ghali zaidi. Upande wa Intel, Core i3-12100 yenye viini vinne hutosha kwa kazi za nyumbani, lakini herufi F ikiongezwa mwishoni mwa jina lake humaanisha kwamba prosesa hiyo haina sehemu ya picha, na mnunuzi aliyefurahia punguzo dogo la bei hujikuta akilazimika kununua kadi ambayo hakuipangia. Kuhusu kumbukumbu, ambayo bei yake duniani ilipanda sana tangu mwishoni mwa 2025 kutokana na mahitaji ya vituo vya akili bandia, GB 8 ndicho kiwango cha chini cha kufanya kazi bila kero, na vipande viwili vya GB 8 huipa sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa njia mbili za kusafirishia data, faida ambayo kipande kimoja cha GB 16 hakina.

Badiliko linaloonekana zaidi kwa gharama ndogo ni la diski. Diski ya sahani zinazozunguka husoma kwa kasi ya takriban MB 100 hadi 200 kwa sekunde, ilhali SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kiungo kinachozunguka, hufika karibu MB 550 hata kwenye waya wa kawaida wa SATA, na mashine ya mwaka 2016 iliyowekewa diski hiyo hufungua programu kwa wepesi ambao prosesa mpya juu ya diski ya zamani haiwezi kuufikia. Hata hivyo, diski yenye jina lisilojulikana inayodaiwa kuwa na TB 2 kwa bei ya GB 240 inapaswa kujazwa data halisi na kusomwa tena mbele ya muuzaji, kwa maana baadhi ya bidhaa bandia hutangaza ukubwa zisiokuwa nao.

Umeme kwanza

Umeme wa REGIDESO, shirika la umma la maji na umeme, hutegemea kwa sehemu kubwa mabwawa kama ya Rwegura na yale ya mto Ruzizi, na kukatika kwake ni jambo la kawaida. Kinachodhuru vifaa zaidi ni mshtuko wa volti umeme unaporudi. Hapo ndipo pawasaplai inapostahili kuchunguzwa kabla ya kipuri kingine chochote. Zile zinazouzwa pamoja na kasha la bei ya chini huandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini jedwali dogo lililobandikwa ubavuni laweza kuonyesha kwamba njia ya volti 12, ambayo ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya picha, hutoa ampea 16 tu, na 12 mara 16 ni wati 192. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina pia swichi ndogo nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230, iliyowekwa kwa ajili ya nchi zenye volti tofauti, na mashine iliyotoka Amerika Kaskazini swichi ikiwa kwenye 115 huweza kuungua mara tu inapochomekwa kwenye umeme wa Burundi wa volti 220.

UPS, yaani betri ya akiba inayoshika mzigo umeme unapokatika, nayo hupimwa kwa hesabu nyepesi. Modeli ndogo huwa na betri ya volti 12 na ampea-saa 7, sawa na wati-saa 84 kwenye karatasi, ambazo kwa sababu ya upotevu na matumizi ya haraka hupungua hadi karibu nusu yake. Kompyuta ya nyumbani isiyo na kadi ya picha, pamoja na skrini yake, ikitumia wati 80, itapata takriban nusu saa au pungufu, muda unaotosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Mashine ya michezo inayokula wati 300 itapata dakika chache tu, kama UPS hiyo itaweza kuibeba. Kwa hesabu hiyo, prosesa yenye sehemu ya picha ndani yake hupunguza gharama mara mbili, kwanza dukani na baadaye kwenye betri.

Joto na vumbi la jiji la kando ya ziwa huongeza sababu ya kuchagua kasha lenye nafasi na feni inayosafishika, na kibodi huhitaji uangalifu wake, kwa kuwa mashine za kutoka Uingereza au Marekani huja na mpangilio wa QWERTY wakati shule na ofisi nyingi za Burundi zimezoea AZERTY ya Kifaransa.

Kwa biashara yenyewe, mambo hayo yana maana kwamba faida ya mfanyabiashara wa Ngagara haitabaki kwenye tofauti ya bei ya prosesa, ambayo mnunuzi huilinganisha kwa simu akiwa amesimama mbele ya meza. Itategemea zaidi huduma ambazo mwagizaji wa mbali hawezi kuzitoa: kuiwasha mashine kwa saa nzima mbele ya mteja, kuandika dhamana kwenye risiti, na kuweka akiba ya pawasaplai za modeli anazoziuza. Mteja anayepanga bajeti anafanya vyema kutenga kwanza fedha za pawasaplai na UPS, kisha za SSD na kumbukumbu, na kuchagua prosesa kwa kile kilichobaki. Na kikiwa kidogo mno, mashine ya ofisi ya kizazi cha nane yenye kasha refu itamfaa kuliko kasha jipya lenye taa za rangi.