Pumzi Ikikata Mlimani, Usilaumu Mwinuko: Pima Presha

Kupanda kutoka ufukwe wa Ziwa Victoria hadi Ihungo, au kutoka mwambao wa Muleba hadi uwanda wa Kamachumu, humfanya hata mtu mwenye afya atwete. Wapo wakazi ambao, pumzi inapokata au kichwa kinapogonga, husema ni hewa ya milimani, kisha wakaendelea na shughuli zao. Maelezo hayo yana ukweli kidogo, nayo yanaweza kuficha ugonjwa.

Uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mita 1,200, mgandamizo wa hewa hupungua kwa takribani asilimia 13 ukilinganishwa na Pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kidogo. Mwili wa mkazi wa huku huimudu tofauti hiyo bila tabu. Damu kuwa nzito kwa wingi wa chembe nyekundu, na mishipa ya mapafu kubana hadi upande wa kulia wa moyo ukaelemewa, ni madhara yanayowapata hasa waishio juu ya mita 2,500, kama katika milima ya Andes huko Bolivia na Peru. Bukoba na Muleba hazifikii kimo hicho.

Kinachouhatarisha moyo hapa ni kilekile kinachouhatarisha Dar es Salaam: shinikizo la juu la damu, kisukari, tumbaku, pombe nyingi, uzito uliozidi na kutoushughulisha mwili. Shinikizo likiwa juu, moyo husukuma damu kwa nguvu kupita kiasi. Misuli yake hutanuka, hatimaye huchoka. Mara nyingi mgonjwa hahisi dalili yoyote kwa miaka mingi.

Ndizi na maharage, chakula cha kila siku, vina potasiamu inayousaidia mwili kukabiliana na chumvi. Tatizo huanza chumvi inapozidi kwenye mboga, senene wa kukaanga na samaki wa kukaushwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ya kupikia. Linashauri pia mwendo wa haraka au kazi ya kiasi hicho kwa dakika 150 kila wiki; kulima na kupanda mlima huhesabiwa.

Kila mtu mzima anahimizwa kupima presha zahanati au kituo cha afya angalau mara moja kwa mwaka. Kabla ya kupima, apumzike dakika 5, na kwa nusu saa asivute sigara, asinywe wala kutafuna kahawa. Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikijirudia siku tofauti, kinahitaji matibabu. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Nafuu hiyo ni kazi ya dawa.

Maumivu ya kubana kifuani, pumzi kukata mtu akiwa amelala, miguu kuvimba, mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito ghafla si dalili za mwinuko. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri kupambazuke.