Gesi ya kiyoyozi haiishi yenyewe

MSIMU wa kaskazi unapopamba moto kati ya Januari na Machi, mwenye nyumba wa Likoni, Kisauni au Changamwe ambaye kiyoyozi chake kimegoma huwa tayari kulipa kiasi chochote atakachotajiwa. Na jibu analopewa na fundi mara nyingi ni lile lile: gesi imekwisha, iongezwe.

Kauli hiyo yafaa kupokewa kwa tahadhari. Gesi ya kiyoyozi si kama ile ya kupikia. Haiteketei, huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikichukua joto chumbani na kulitoa nje. Ikipungua, basi kuna mahali inapovuja. Fundi anayejaza gesi bila kuziba tundu anauza hewa, na mteja atalipia tena kabla ya kaskazi nyingine.

Adui mkubwa Pwani ni chumvi. Upepo wa bahari huipeleka hadi kwenye sehemu ya nje ya mtambo, ikala alumini na shaba, hasa katika nyumba za karibu na ufuo kama za Shelly Beach na Bamburi. Kuiosha sehemu hiyo mara kwa mara husaidia, mradi maji yenyewe yasiwe ya kisima cha chumvi. Changamwe, kwenye msongamano wa malori ya bandarini, vumbi nalo huziba chujio, na chujio lililoziba huzuia ubaridi hata gesi ikiwa kamili.

Isitoshe, kompresa isiyozunguka si lazima iwe imekufa. Huenda kilichoharibika ni kapasita, kifaa kidogo kinachoisaidia kuanza, ambacho bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompresa. Fundi aombwe akipime kwanza, mteja akishuhudia.

Aina ya gesi pia huamua gharama. Mitambo ya zamani hutumia R-22, ambayo inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Nchi zinazoendelea zinatakiwa kukomesha matumizi yake ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Mtambo mkuukuu wa R-22 unaovuja kila mwaka ni heri kubadilishwa. Mitambo mipya hutumia R-410A au R-32, na gesi hizi hazichanganywi. R-32 huweza kushika moto, hivyo si ya kuchezewa na fundi wa kubahatisha.

Fundi wa kuaminika hutafuta uvujaji kwa naitrojeni, huondoa hewa yote kwa pampu, kisha hupima gesi kwa mizani. Anaweza pia kuonyesha cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, aandike makadirio. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 hairuhusu bei kuzidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10: aliyeandika Sh10,000 hawezi kudai Sh13,000. Mzozo ukizuka, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na karatasi hiyo pamoja na risiti ndizo zitakazozungumza.