Aina gani ya mihogo imeshinda? Wastani peke yake hautoshi

Ndugu wakulima wa Katogota, tuseme kooperative yenu imejaribu aina tatu za mihogo, kila aina kwenye vipande vinne vya shamba vilivyo sawa kwa ukubwa. Siku ya kuvuna mnapima. Aina ya kwanza: kilo 30, 50, 36 na 44. Ya pili: 34, 54, 42 na 46. Ya tatu: 38, 58, 46 na 50. Wastani ni kilo 40, 44 na 48. Hapo watu watapiga kelele: ya tatu njo yenyewe, tutoe pesa ya kooperative tununue vijiti vyake!

Pole pole kwanza. Angalieni aina ya kwanza peke yake. Kipande kimoja kimetoa 30, kingine 50. Ni mhogo uleule, lakini vimepishana kilo 20! Wastani wa aina ya kwanza na wa ya tatu umepishana kilo 8 tu. Zile 20 zimetoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye udongo. Hapa bondeni Ruzizi tunaujua: huku maji yanatuama, kule mchanga, pengine chumvi imepanda juu, na palipokuwa kichuguu mmea unanenepa bila kuombwa.

Kulinganisha tofauti hizo mbili njo kunaitwa uchambuzi wa variansi. Aliyeutengeneza ni Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza.

Hesabu iko hivi. Wastani wa shamba zima ni 44. Wastani wa aina zetu umeachana nao kwa 4, 0 na 4. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, zidisha kwa vipande 4: 128. Gawa kwa 2, yaani aina tatu toa moja: 64. Sasa ndani ya aina: kila kipande na wastani wa aina yake, tofauti uizidishe kwa yenyewe. Jumla ni 648. Gawa kwa 9, yaani vipande 12 toa aina 3: 72. Mwisho 64 gawa kwa 72: 0,89. Kwa jaribio kama hili, kawaida inatakiwa ipite 4,26. Tuko mbali sana!

Si kusema aina ya tatu ni mbaya. Jaribio halijaweza kusema kitu, na pesa ibaki kwenye sanduku.

Msimu ujao, gaweni shamba kufuata udongo, kila sehemu ipate aina zote tatu, na mahali pa kila aina pachaguliwe kwa kura. Msiipe aina anayoipenda prezida ule udongo mzuri! Na siku ya kuvuna, kila kipande kipimwe na kuandikwa peke yake. Mkishamwaga yote kwenye lundo moja, hata agronomu hawezi tena kuwasaidia.